Sababu Kamili

Mimi ni mtu wa kanuni, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Ofisini wananiita Mama Utaratibu, tena nyuma ya mgongo wangu, wakidhani sisikii. Nasikia kila kitu. Ofisi yetu ni ya wapima ardhi, na mimi ndiye msimamizi wake: karatasi, funguo, chai, taa ya chooni, yote yako mikononi mwangu. Mpima akirudi kutoka kazini na tope kwenye viatu, mimi ndiye ninayemsimamisha mlangoni, awe na shahada ngapi.

Sasa, ramani siku hizi hazichorwi kwa wino. Zinachorwa kwenye kompyuta, halafu anatumiwa mteja kwa mtandao, na ramani moja ni nzito kuliko unavyodhani. Miezi ya karibuni mtandao wetu ulikuwa unajikokota. Unabonyeza tuma asubuhi, hadi mchana kile kimstari cha kijani bado hakijafika hata katikati. Mteja anapiga simu, mkurugenzi anapayuka, natafutwa mimi. Basi nikaanza kupita nyuma ya viti vya watu polepole. Lo! Huyu anatazama mieleka. Yule anatazama harusi ya watu asiowajua. Na mchora ramani wetu, tunayemwita Mjomba kwa sababu ya kitambi na utani wake, huyo anayelalamika kuliko wote, alikuwa na mpira kwenye pembe ya skrini, kaupunguza ukawa kama stempu, eti sitauona.

"Mama, huu mdogo tu, hauli mtandao," akaniambia.

"Hata panya ni mdogo," nikamjibu, "lakini gunia linaisha."

Nikaenda kwa mkurugenzi. Nikamwambia dawa ipo, tena iko kwenye ukoo wangu: mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ni fundi wa kompyuta, na kazi za namna hii ndizo zake. Atatuwekea seva ya proksi. Mkurugenzi akauliza ndiyo nini hiyo. Nikamweleza kama nilivyokuwa nimeelezwa: ni kompyuta moja inayokaa katikati, na kompyuta zote za ofisi zinapita kwake kabla hazijatoka kwenda mtandaoni. Ni bawabu. Anakuuliza unakwenda wapi, na akiona unakwenda kwenye upuuzi anakurudisha. Mkurugenzi akapiga meza. "Aje hata kesho!"

Lakini nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa na langu jingine. Binti yangu yuko mwaka wa nne kwenye ndoa na hajashika mimba. Na mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kata kesi: kasoro iko kwa mwanamume. Ushahidi? Ni mpole mno. Mwembamba. Ukimtania anacheka kidogo na kutazama sahani yake. Mtu asiye na tatizo angejibu, ndivyo nilivyojiambia. Wakija nyumbani nampakulia mwenyewe, namwambia, "Ongeza, baba, ongeza, labda nguvu zitapatikana," na dada yangu anacheka mpaka anashika ubavu. Naye anaongeza. Anakula chote. Nilitaka aje ofisini nimtazame vizuri, kwa karibu, mchana kweupe.

Akaja. Alibeba kompyuta iliyochakaa, akaisafisha vumbi kwa brashi, akaiweka stoo juu ya meza ndogo, karibu na dirisha ili isipate joto. Halafu akapita kila dawati, akaielekeza kila mashine ipite pale. Hakusema na mtu ila "samahani, nipishe kidogo." Mjomba akamwambia, "Bwana fundi, ukinizibia mpira nitaachwa na mke wangu, maana nikikosa mpira nagombana naye." Mkwe akacheka kidogo, kama kawaida yake, akaendelea.

Mwishoni tukakaa kwenye ofisi yangu kupanga kanuni. Mtu na mkwewe hawakai ana kwa ana wakakodoleana macho. Yeye alikaa karibu na mlango, mimi nyuma ya meza, na kila mmoja alimsemesha mwenzake kupitia kitu kingine, yeye kupitia daftari lake, mimi kupitia dirisha. Akasema tunaweza kuzuia kurasa kwa majina yake, na pia kwa maneno. Nimtajie maneno. Ebo! Maneno gani nitayataja mbele ya mkwe? Nikayaandika kwenye kipande cha karatasi, yale yote ya chumbani na ya dawa za waganga wanaojitangaza, nikakikunja mara nyingi, nikakiweka pembeni mwa meza na kugeukia nje. Akakichukua naye akiangalia ukuta.

"Sasa, mama," akasema, "mtu akizuiwa kimakosa, atatokewa na kisanduku cha kuomba afunguliwe. Nafikiri inatosha aandike jina lake na ule ukurasa."

"La," nikasema. "Aandike sababu."

"Mama, watu wana mambo yao. Mengine si ya kuandikwa."

"Mwenye mambo yake akayafanyie kwake. Hapa ataandika sababu kamili. Na uweke maneno hayo hayo: *Andika sababu kamili.* Nawajua hawa, watakuandikia 'kazi' halafu wamekaa kwenye mieleka."

Akaandika kwenye daftari lake. Halafu akasema maombi hayo, kwa majuma ya mwanzo, yatakwenda kwenye simu yake, ili aone mashine inakosea wapi. Alisema, nakumbuka sasa kwamba alisema. Lakini Mjomba alikuwa anapita kwenye korido na kikombe cha ofisi mkononi, anakipeleka kwenye gari, nami nilikuwa nimekwisha inuka kumfokea. Niliporudi kukaa, mkwe alikuwa anafunga mkoba wake. Kichwani mwangu kukabaki kwamba maombi yanakwenda kwa mashine, na mashine ndiyo inayoamua.

Jamani, ilifanya kazi! Ramani zikawa zinaondoka kabla chai haijapoa. Mkurugenzi akanisifu kwenye kikao, akasema kumbe akina mama wangetawala dunia hii tungekuwa mbali. Mjomba akazunguka ofisini na uso wa msiba. Nami nikazidi kujikweza. Nilipita nyuma ya viti nikiona skrini za watu zimeandikwa *Andika sababu kamili*, na nikasikia raha ambayo haikuwa nzuri sana.

Ndipo dada yangu akanipigia, mchana mmoja, wengine wamekwenda kula. Hakuanza na salamu.

"Mwanao vipi? Bado?"

"Bado."

"Na wewe umekaa tu. Mwanamume mbovu ana dalili zake, zimeandikwa huko mtandaoni, zisome. Binti ataota mvi akimsubiri huyo bubu wako."

Simu yangu ina maandishi madogo na macho yangu si ya jana. Kompyuta ya ofisi ilikuwa mbele yangu, pana, imewaka. Nikatazama mlango. Nikaandika kwa kidole kimoja: dalili za mwanamume asiyeweza kuzaa. Zikaja kurasa. Nikabonyeza ya kwanza, iliyokuwa na habari za nguvu za kiume, na skrini ikawa nyeupe. *Ukurasa huu umezuiwa. Andika sababu kamili.*

Mimi! Mwenye kanuni zake! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Badala ya kucheka na kuacha, nilipandwa na hasira, na hasira zangu nikiwa nazo huwa sichagui maneno. Nikajiambia ni mashine, haina macho wala mama mkwe. Nikaanza kuigombeza. Niliandika hivi, na ningependa kusema sikumbuki vizuri, lakini nakumbuka kila neno:

*Wewe mashine usiye na haya, unamzuia nani? Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Unataka sababu kamili, haya, shika. Binti yangu yuko mwaka wa nne kwa mume na hana mtoto. Binti yangu ni mzima, namjua, nimemzaa mwenyewe. Kasoro iko kwa huyo mumewe, kimya kama maji ya mtungini, na mimi nataka dalili ili nijue pa kuanzia. Bidhaa mbovu hurudishwa dukani. Fungua.*

Nikabonyeza tuma. Nikaegemea kiti, nimeridhika kabisa, kama mtu aliyemaliza ugomvi sokoni na ameshinda.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa sijamaliza hata chai yangu. Ukurasa ukafunguka, na juu yake pakatokea mstari mmoja:

*Imekubaliwa. Samahani kwa usumbufu, mama.*

Nikausoma nikiwa natabasamu. Nikasema, ona, ina adabu. Kisha nikausoma tena. Mama? Mashine imejuaje kwamba mimi ni mama? Mjomba alipozuiwa na kuomba afunguliwe mpira alijibiwa *Imekataliwa*, basi, hakuongezewa "mjomba" wala "baba." Nikakiweka kikombe mezani. Yale maneno aliyoyasema kabla sijainuka kwenda kumfokea mtu kwa kikombe yakanirudia, yote, kwa sauti yake ya chini: yatakuja kwenye simu yangu, mama, majuma ya mwanzo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na si kwa kusema tu. Nilitazama chini kweli. Mkwe wangu, mtoto wa watu, ambaye hata karatasi ya maneno machafu aliipokea akiangalia ukuta ili asiniaibishe, amekaa mahali, labda yuko na wateja wake, simu ikalia, akasoma kwamba yeye ni bidhaa mbovu. Halafu akanifungulia ukurasa.

Akili ya mtu mwenye aibu ni akili ya mtoto mdogo. Nilikimbia stoo. Nilijiambia nikiing'oa ile mashine kwenye umeme yale maneno hayatafika, au yatakatika njiani, sijui. Nikaushika waya nikauvuta kwa nguvu zangu zote, plagi ikatoka na kipande cha soketi. Feni yake ikalia kidogo ikanyamaza. Na kompyuta zote za ofisi, kwa kuwa zote hupita pale, zikabaki hazina pa kupita.

Nilisikia kelele ya Mjomba kutoka chumba cha pili. Alikuwa amerudi mapema kutoka kula, anatuma ramani ya mteja mkubwa kuliko wote. "Ilikuwa imebakiza kidogo! Jamani, imebakiza kidogo tu!" Mkurugenzi akatoka. Akauliza nini, akaambiwa mtandao umekufa, akatoa simu. "Nampigia mkweo aje sasa hivi," akaniambia.

Ningesema asimpigie kwa sababu gani? Kamili?

Akaja na mkoba wake begani. Nilijibanza nyuma ya kabati la mafaili, nikijifanya natafuta kitu. Alikwenda moja kwa moja stoo. Mkurugenzi akamfuata, Mjomba nyuma, na mimi nikalazimika kwenda kwa sababu funguo za kabati la vifaa ninazo mimi. Akainama, akauokota ule waya sakafuni, akaitazama soketi iliyopasuka. Hata mtu asiyejua umeme angeona kwamba pale pamepita mkono wa mtu. Akainua macho kwangu, kidogo tu, akayashusha.

"Kosa langu," akasema. "Sikuukaza vizuri."

Mkurugenzi akawaka. "Ndiyo shida ya kazi za ukoo hizi! Mtu analetwa na mama mkwe, anafunga waya kama anafunga mbuzi. Huyo mteja akiondoka nitamwambia nini?" Mjomba akacheka, akaongeza lake kuhusu mbuzi. Mkwe akawa anasema ndiyo mzee, samahani mzee, huku anafungua soketi kwa bisibisi.

Na mimi, Mama Utaratibu, mimi ninayewasimamisha watu mlangoni kwa tope la viatu, nikanyamaza. Neno lilikuwa fupi: ni mimi. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini wangeuliza kwa nini. Nikamwacha mtoto wa watu atukanwe mbele yangu kwa jambo nililolifanya mimi, kwa sababu ya jambo baya zaidi nililomfanyia mimi.

Wengine walipoondoka alibaki amechuchumaa, amenipa mgongo. Akasema polepole, kama anaongea na ile soketi, "Mama, yale maombi nimeyafuta. Hakuna mwingine aliyeyaona."

Nikasema, "Ahsante, baba." Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Akaniambia itamchukua muda kidogo kurudisha mambo sawa. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilichukua mkoba nikatoka kabla ya saa za kutoka, jambo ambalo ningemwandikia mtu mwingine barua ya onyo. Nilikuwa na hofu moja tu. Nyumba ya mwanangu. Mwanamume akidharauliwa hivi na mama wa mkewe ana haki ya kurudi nyumbani na kusema basi, imetosha. Na akisema hivyo, mwanangu atauliza kwa nini, na ataambiwa. Heri alisikie kwangu. Nimkasirikie nani tena, zaidi ya ulimi wangu?

Nilimkuta binti yangu nyumbani kwake anapiga pasi, kanga kiunoni, mashati ya mumewe yamepangwa juu ya kiti. Alifurahi kuniona. "Mama! Leo ofisi imefungwa?" Akataka kunipikia chai. Nikamwambia aache, akae. Hakukaa, akaendelea na pasi, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba shati halikatizwi katikati.

Nikamwambia. Nilianza kwa kuzunguka, habari za seva, habari za kisanduku, habari za dada yangu na simu zake, akanikatiza.

"Mama, umeandika nini?"

"Nimeandika kuhusu mtoto."

"Umeandika nini?"

"Kwamba wewe ni mzima. Kwamba... kasoro iko kwake."

Pasi ikasimama kidogo, ikaenda tena. "Na nini tena?"

"Mwanangu, ni hasira tu, nilidhani ni mashine."

"Na nini tena, mama?"

Nikasema. Ile ya bidhaa mbovu na duka. Niliisema nikitazama kidirisha cha jikoni, kama nilivyozoea kusema mambo magumu mbele ya mumewe.

Akaizima pasi. Akaisimamisha vizuri, akakunja lile shati nusu limenyooka nusu bado, akaliweka juu ya mengine. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu nami na kuweka mikono magotini.

"Basi nipokee," akasema.

"Nikupokee vipi?"

"Si hurudishwa dukani? Ni mimi, mama. Tulipima wote wawili mwaka wetu wa kwanza, tukarudia hospitali nyingine. Yeye hana neno. Mimi ndiye. Na duka ni wewe."

Sikumwelewa, halafu nikamwelewa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Siku nyingi nilitaka. Yeye alinikataza. Alisema, mama yako atavunjika moyo, anakuona wewe ndiye kila kitu chake. Mwache adhani ni mimi. Alisema mgongo wa kubebea anao." Akajifuta uso kwa pindo la kanga, lakini hakuwa analia, au labda alishamaliza zamani. "Unajua akirudi kutoka kwako huwa anaumwa tumbo? Kwa kile chakula unachomshindilia. Anasema usimwambie mama, atadhani chakula chake kibaya."

Nilinyoosha mkono nimshike.

"Usiniguse kwanza," akasema. Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningelivumilia.

Nikaurudisha mkono wangu mapajani. Kesho nitakwenda kwa mkurugenzi, nilikuwa nawaza, nitamwambia waya niliung'oa mimi, atanifukuza akitaka. Nitamwambia dada yangu asinipigie tena. Nilikuwa napanga, mimi kila kitu napanga, na mbele yangu alikaa mtoto wangu ambaye kwa miaka yote hiyo nilimwita mzima mbele za watu kwa sauti kubwa, nikicheka, na kila mara nilipolisema yeye alikuwepo mezani anasikia.

Mlango wa nje ukafunguka. Tukasikia anavua viatu. Akatokea, mkoba begani, viatu mkononi, akanitazama mimi, akamtazama mkewe, akaona pasi iliyozimwa na shati lisilokwisha. Alielewa, sina shaka alielewa yote. Akainamisha kichwa kama siku zote.

"Shikamoo, mama."

Jibu lake ni neno moja, nimeliitikia tangu nimekuwa mtu mzima bila hata kulifikiria. Anayeliitikia ni mtu anayestahili kuamkiwa. Nilifungua mdomo, halikuja. Nikafungua tena. Naye akabaki amesimama pale mlangoni na viatu vyake mkononi, akiningoja nimwitikie ndipo aingie nyumbani kwake.